Maisha ya Hermann von Helmholtz, Aliyesomea Udaktari kwa Deni



Kila mwaka majibu ya mtihani yanapofika, wako wanaoruka kwa furaha na wako wanaokaa kimya. Mmoja alitamani sana kusoma fizikia, akapelekwa kusomea uuguzi. Mwingine alitaka udaktari, akapelekwa ualimu. Baba yake, mvuvi au mwenye shamba la michikichi, humkumbusha kwamba fedha za shule ni ngumu kupatikana, na aliyepewa nafasi aishike kwa mikono miwili. Basi kijana hushika njia asiyoichagua, na moyoni hujiuliza kama safari yake imekwisha kabla ya kuanza.

Kwa ajili ya wenzetu hao nimependa kuandika maisha ya Hermann von Helmholtz wa Ujerumani. Jina lake tumelisikia darasani tulipofundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika sura tu. Lakini wachache wanajua kwamba bwana huyu chuoni hakusomea fizikia. Alisomea udaktari, wala si kwa kupenda, bali kwa sababu kwao hapakuwa na fedha. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba kazi yake moja, juu ya umeme na maji ndani ya mrija wa glasi, ndiyo inayoeleza jinsi wataalamu wa leo wanavyosukuma maji katika vijia vyembamba kama unywele.

Hermann alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 katika mji wa Potsdam, karibu na Berlin. Wakati huo Ujerumani haijawa nchi moja. Potsdam ulikuwa mji wa ufalme wa Prussia. Baba yake, Ferdinand Helmholtz, alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mtu mwenye elimu nyingi na mshahara mdogo. Hermann alikuwa mtoto mgonjwa-mgonjwa, na katika miaka yake ya kwanza alikaa sana nyumbani akicheza na vipande vya mbao. Vipande hivyo vilimfundisha maumbo. Hata alipofika shuleni na kuanza jometri, walimu wake walishangaa kuona kwamba mambo mengi alikwisha kuyajua kwa macho na kwa vidole.

Msidhani kwamba alikuwa hodari katika kila somo. Kukariri kulimshinda. Maneno ya lugha za kigeni yasiyofuata kanuni, na habari zisizofungamana moja kwa nyingine, zilimponyoka kama samaki katika wavu uliotoboka. Alipenda mambo yenye sababu, ambayo ukishika moja unaweza kulifuata hadi la pili. Darasa liliposoma vitabu vya Kilatini, yeye mara nyingine alikuwa akichora chini ya dawati njia za mwanga ndani ya darubini. Sisemi tumwige katika hilo, maana mwalimu wetu naye anasoma gazeti hili.

Alipomaliza shule alitaka fizikia na si kitu kingine. Baba yake akamweleza ukweli: fedha za kumlipia hazipo, na fizikia siku zile haikuwa kazi ya kumpatia mtu chakula. Lakini ilikuwako njia moja. Huko Berlin kilikuwako chuo cha serikali kilichofundisha udaktari bila malipo, kwa sharti kwamba kijana akihitimu atumike miaka 8 kama daktari wa jeshi. Hermann akakubali. Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 17, akaingia Berlin na deni hilo mabegani.

Huko akasoma mifupa, mishipa, madawa na magonjwa. Hakuyafanya kwa kununa. Alipata mwalimu mkubwa, Johannes Müller, aliyewafundisha vijana wake kutazama mwili kwa makini na kuuliza kila kiungo kinafanyaje kazi. Jioni alisoma mwenyewe vitabu vya hesabu na fizikia, na kwa muda alisaidia kazi katika maktaba ya chuo, mahali ambapo vitabu hivyo vilikuwa karibu na mkono wake.

Kisha akapatwa na homa kali ya taifasi, akalazwa. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa chuo kile, alitibiwa bure, na posho yake ndogo ikawa inajikusanya bila kutumika. Alipopona alikuta ana akiba. Kijana mwingine angenunua koti. Yeye akanunua hadubini, si nzuri sana, lakini ni yake. Kwa hadubini hiyo alichunguza neva za wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, na kazi hiyo ikampa shahada ya udaktari mwaka 1842.

Mwaka 1843 akapelekwa Potsdam kuwa daktari wa kikosi cha askari. Askari wenye afya hawampi daktari kazi nyingi. Kwa hiyo katika kambi yenyewe akajitengenezea maabara ndogo, akapima joto linalotoka katika misuli ya chura inapokaza. Siku zile waganga wengi wa Ulaya waliamini kwamba kitu chenye uhai kina nguvu yake ya pekee, isiyofuata kanuni za mawe na moto. Helmholtz akajiuliza: kama ni hivyo, mbona mwili unadai chakula kila siku? Akaona kwamba misuli hailipi kazi yake kwa uchawi, bali kwa chakula kilichochomwa ndani ya mwili, kama vile taa inavyolipa mwanga wake kwa mafuta.

Kutoka hapo akapanda kwenye jambo kubwa. Tarehe 23 Julai 1847, akiwa bado daktari wa kambini mwenye miaka 25, aliwasomea wataalamu wa Berlin maandishi yake juu ya kudumu kwa nishati. Julius Robert Mayer, daktari mwingine wa Ujerumani, alikwisha kuigusa habari hiyo mwaka 1842. Na James Joule, Mwingereza aliyekuwa mwenye kiwanda cha bia, alikuwa akiipima kwa vyombo vyake. Helmholtz aliifunga pamoja kwa hesabu, tangu mashine hata umeme, tangu joto hata mwili wa mnyama. Mhariri wa gazeti kubwa la fizikia akaikataa, na Helmholtz akaichapisha kama kijitabu. Leo kijitabu hicho ni mojawapo ya misingi ya fizikia.

Hapo tunaona jambo la kwanza la kutafakari. Swali lile hakulipata katika darasa la fizikia. Alilipata katika misuli ya chura, yaani katika ule udaktari aliosomea kwa deni.

Mwaka 1848, kwa msaada wa mtaalamu mashuhuri Alexander von Humboldt, alifunguliwa kutoka jeshini kabla ya miaka yake 8 kutimia. Mwaka 1849 akafanywa profesa wa elimu ya mwili katika mji wa Königsberg, na mwaka huo huo akamwoa Olga von Velten.

Königsberg alifanya mambo mawili ambayo ulimwengu haukuyategemea. La kwanza, mwaka 1850, alipima mwendo wa habari ndani ya neva. Mwalimu wake Müller alidhani mwendo huo hauwezi kupimika. Helmholtz aliamsha neva ya chura kwa umeme, mara karibu na msuli, mara mbali nao, akapima tofauti ndogo ya muda. Akapata kiasi cha mita 27 kwa sekunde. Kumbe habari katika mwili huenda polepole kuliko sauti hewani!

La pili lahusu jicho. Ninyi mmeona jinsi macho ya mbwa yanavyong'aa usiku tukimulika kurunzi njiani. Nuru huingia katika jicho na kurudi kwa njia ile ile iliyoingilia. Lakini ukitaka kuona ndani ya jicho la mtu, huna budi kuweka jicho lako katika njia hiyo, na hapo kichwa chako chaiziba taa. Kwa hiyo mboni huonekana nyeusi. Helmholtz alisimamisha kioo chembamba kimshazari: kioo kikarusha mwanga wa taa kuingia jichoni, na mwanga uliorudi ukapenya kioo hicho hadi kwa mtazamaji. Chombo chake cha kwanza alikiunga kwa karatasi ngumu, lenzi za miwani na vipande vyembamba vya glasi. Mwaka 1851 akakitangaza, na tangu hapo daktari aliweza kuona ukuta wa nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Mpaka leo vyombo vya ukoo huo vimo mikononi mwa madaktari wa macho.

Sifa zikaja, lakini msiba nao ukaja. Olga aliugua kifua. Mwaka 1855 wakahamia Bonn, na mwaka 1858 Heidelberg. Mwishoni mwa mwaka 1859 Olga akafariki, akamwachia watoto wawili wadogo. Mwaka 1861 Helmholtz alimwoa Anna von Mohl. Katika miaka hiyo yote aliandika vitabu vikubwa juu ya kuona na juu ya kusikia, vitabu ambavyo ni daktari tu mwenye kujua fizikia, au mtu wa fizikia mwenye kuujua mwili, angeweza kuviandika.

Hatimaye, mwaka 1871, akaitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia. Alikuwa karibu kutimiza miaka 50. Ile fizikia aliyonyimwa akiwa na miaka 17 ikamfungulia mlango baada ya miaka 33.

Sasa nifike kwenye ile kazi niliyoitaja mwanzoni, ya mwaka 1879. Lakini kwanza turudi nyuma, kabla Helmholtz hajazaliwa.

Mwaka 1807, profesa Mjerumani aliyefundisha huko Moscow, Ferdinand Friedrich Reuss, alichukua udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, akachomeka ndani yake mirija miwili ya glasi, akaitia maji. Kisha akaingiza katika kila mrija waya wa betri ya aina ya Volta. Maji katika mrija wenye waya wa hasi yakaanza kupanda. Katika mrija wa pili, wenye waya wa chanya, maji yakashuka, tena yakachafuka kwa chembe za udongo. Hapakuwa na pampu wala mtu aliyesukuma. Umeme ulikuwa umeyapitisha maji katika vitundu vya udongo. Jambo hilo ndilo linaloitwa elektroosmosi.

Kwetu Rumonge tunaujua udongo wa namna hiyo. Maji yakikaa katika mtungi hupenya kidogo kidogo katika vitundu ambavyo jicho halivioni, mtungi ukatoa jasho, na maji yakapoa. Reuss alionyesha kwamba katika vitundu vya namna hiyo maji yaweza pia kuendeshwa kwa betri. Mwaka 1852 Gustav Wiedemann akapima, akaona kwamba kadiri mkondo wa umeme unavyozidi ndivyo maji yanayopita yanavyozidi. Baada yake Georg Quincke akachunguza mirija ya glasi na vitu vingine vingi. Vipimo vilikuwako, lakini sababu yenyewe haikuelezwa kwa hesabu iliyo wazi. Maji hayana chaji. Hasi na chanya zake zimelingana. Mbona basi umeme unayasukuma?

Helmholtz akajibu kwamba siri haimo katikati ya mrija. Imo pale maji yanapogusana na ukuta. Pale pana tabaka mbili za umeme zinazotazamana: moja imeshikamana na ukuta, na nyingine, ya chaji kinyume chake, imo katika maji yaliyo jirani. Leo twajua kwamba glasi ikilowa huachia baadhi ya ioni za hidrojeni ziende majini, nayo hubaki na chaji hasi. Ioni chanya zilizomo majini huvutwa na ukuta huo na kujipanga karibu nao. Unene wa tabaka hilo ni nanometa moja hadi makumi machache, na milimita moja ina nanometa milioni moja. Ni kama ngozi nyembamba ya maji.

Sasa tia waya za betri katika ncha mbili za mrija. Nafasi yote iliyo baina yake huwa uga wa umeme, yaani mahali ambapo kila chenye chaji husukumwa. Maji ya katikati hayasukumwi, maana hayana chaji. Ukuta hauwezi kwenda. Lakini ile ngozi ya maji yenye ioni chanya inaondoka kuelekea kwenye waya wa hasi, na kwa kuwa maji hushikana, ngozi hiyo huyaburuta maji yote ya ndani. Mmeona watu wawili wakishika pembe za mkeka wenye ndagala na kuuburuta kutoka juani kwenda kivulini. Hawamgusi samaki hata mmoja, lakini wote husogea pamoja. Ndivyo ngozi ile inavyoyachukua maji.

Helmholtz alipopiga hesabu, likatoka jambo la ajabu: mwendo wa maji hautegemei upana wa mrija, mradi mrija uwe mpana kupita ile ngozi. Linganisheni na pampu ya kawaida. Pampu ikisukuma maji katika bomba, maji ya katikati hukimbia na ya pembeni huzuiliwa na ukuta, kama mto unavyokwenda kasi katikati na polepole kando. Ukipunguza upana wa bomba kuwa nusu, bila kuongeza nguvu ya pampu, maji yanayopita hayapungui kuwa nusu tu. Hubaki sehemu moja ya 16. Punguza tena nusu, yatabaki sehemu moja ya 256. Katika kijia chembamba kama unywele, pampu hushindwa upesi. Umeme haushindwi hivyo. Kijia kikiwa chembamba mara mbili, maji yaliyomo ni machache kwa kuwa nafasi ni ndogo, lakini mwendo wake ni ule ule.

Kwa mfano, katika kijia cha glasi chenye maji ya chumvi kidogo, uga wa volti 100 kwa kila sentimita huyapeleka maji kiasi cha theluthi moja ya milimita kwa sekunde. Kijia cha sentimita 3 kitahitaji volti 300, na maji yatafika mwisho katika dakika moja na nusu hivi. Hakuna gurudumu, hakuna vali, hakuna kitu cha kuchakaa. Mkondo wa umeme wenyewe ni mdogo mno, hata betri ndogo yaweza kutosha ikiwa kuna sakiti ya kupandisha volti.

Hesabu ya Helmholtz haikuwa ya mwisho. Mwaka 1903 Marian Smoluchowski, Mpolandi, aliipanua ili ifae vitundu vya kila umbo. Mwaka 1910 Mfaransa Louis Georges Gouy, na mwaka 1913 Mwingereza David Chapman, walionyesha kwamba ioni hazijipangi kama askari katika mstari mmoja. Zimetanda kama ukungu wa ziwa asubuhi, mzito karibu na ukuta, mwepesi kadiri unavyokwenda mbali. Lakini wote hao walijenga juu ya msingi wa zile tabaka mbili.

Na matumizi yake? Katika miaka ya 1930 mhandisi Leo Casagrande aliutumia umeme kukausha udongo laini uliowasumbua wajenzi. Mwaka 1981 huko Marekani, James Jorgenson na Krynn Lukacs wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitumia mirija ya glasi yenye tundu la maikrometa 75, karibu sawa na unene wa unywele, na umeme wa hadi volti 30,000, wakatenganisha vitu vilivyochanganyika ndani ya tone dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Andreas Manz, Jed Harrison na wenzao walichora vijia vya namna hiyo ndani ya kipande cha glasi, wakayapeleka maji huku na huko kwa kubadili volti tu. Tangu kazi ya Helmholtz ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Kwetu sisi wa kando ya ziwa habari hii si ya mbali. Kipindupindu kimewahi kutupiga mara nyingi, malaria haijatuacha, na wako watoto wenye ugonjwa wa selimundu ambao wazazi wao hawajui kwa nini mtoto analia viungo. Kipimo cha haraka cha malaria mnachokiona katika zahanati hakitumii umeme. Damu hutambaa yenyewe katika karatasi, kama mafuta ya mawese katika kitambaa. Lakini maabara kubwa zina vyombo vya mirija myembamba ambavyo hutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, na ile ngozi ya maji hufanya kazi yake humo. Kwa vyombo hivyo selimundu hutambulikana. Wanaotengeneza maabara za ukubwa wa kiganja wanataka kazi ya namna hiyo ifanyike mahali mgonjwa alipo, bila kusafirisha damu yake mbali.

Ni haki niseme na kasoro zake. Protini za damu hunata katika ukuta wa kijia na kubadili chaji yake, na mwendo wa maji hubadilika. Waya hutoa mapovu. Volti zikizidi, maji hupata joto. Chumvi ikizidi au ikipungua, hesabu nayo hubadilika. Kwa sababu hizo vyombo vingi bado hutumia pampu ndogo za aina nyingine. Kazi haijakwisha, na waliobaki kuifanya ni watu wa umri wetu.

Turudi kwa Bwana Helmholtz. Darasani hakuwa mwalimu wa kusifiwa. Max Planck, aliyekuja kuwa mtaalamu mkuu wa fizikia, alikaa mbele yake akiwa mwanafunzi na hakufurahia masomo yale. Yalikuwa ya polepole na hayakutayarishwa vema. Lakini katika maabara alijua kumpa kijana swali zuri na kumwachia nafasi. Mmoja wa vijana hao alikuwa Heinrich Hertz, ambaye baadaye alithibitisha mawimbi ya redio. Kila tukisikiliza matangazo ya redio ufukoni, tunakula matunda ya maabara ile.

Jina la Berlin sisi hulijua zaidi kwa mkutano wa mwaka 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliwekeana kanuni za kugawana Afrika. Baadaye nchi yetu na pwani hii yakawekwa chini ya Wadachi, kama wazee walivyowaita, mpaka Wabelgiji walipoiteka mwaka 1916. Helmholtz aliishi katika mji huo huo, miaka hiyo hiyo. Mji mmoja ulitoa mambo mawili: moja lilitukata vipande, na jingine laweza kututibu. Elimu haina mpaka wa mkoloni, na atakayeijua ndiye atakayeitumia.

Mwaka 1883 mfalme alimpa heshima ya ukabaila, na ndipo jina lake likapata lile neno von. Mwaka 1888 akawa mkuu wa kwanza wa taasisi ya serikali ya vipimo vya fizikia huko Charlottenburg. Mwaka 1889 mwanawe Robert, aliyekuwa mtaalamu wa fizikia kama babaye, akafariki angali kijana. Mwaka 1893 mzee akasafiri hadi Chicago kuhudhuria mkutano wa wataalamu wa umeme. Alipokuwa akirudi melini alianguka ngazini, akaumia kichwa. Tarehe 1 Januari 1894 akampoteza Hertz, mwanafunzi wake mpenzi, aliyekufa akiwa na miaka 36. Yeye naye alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 8 Septemba 1894, mwenye umri wa miaka 73.

Basi, ndugu zangu, tuseme nini? Sitaki kudai kwamba kunyimwa ulichokitaka ni jambo jema. Si jema, na Helmholtz mwenyewe angesoma fizikia tangu mwanzo kama baba yake angekuwa na fedha. Tena wako wengi walionyimwa wasipate kufika popote, nao hawakuwa wavivu. Lakini katika maisha yake naona mambo mawili yaliyo katika uwezo wetu. Alilipa deni lake kwa uaminifu, akaujua udaktari kwelikweli. Wala hakukiacha alichokipenda. Alikipeleka pamoja naye mpaka kambini, mpaka katika misuli ya chura na ndani ya jicho la mgonjwa. Mahali ambapo kazi aliyopewa iligusana na kazi aliyoipenda ndipo alipovumbua.

Wewe uliyepelekwa uuguzi nawe unalilia fizikia, utakapolishika tone la damu kumbuka kwamba ndani yake imo fizikia tele. Wewe uliyepelekwa ufundi, mtungi wa nyumbani kwenu una maswali yaliyomshughulisha profesa wa Moscow. Maji katikati ya mrija ni yale yale siku zote. Ni pale yanapogusana na ukuta ndipo nguvu ilipofichika. Huenda na sisi tumewekwa karibu na ukuta. Tusome.